Mwongozo kamili: Kupima uga wa umeme kwa vichunguzi viwili, kuanzia beseni la Mbeya hadi roketi ya aurora

Majedwali ya klabu za fizikia za Mbeya, Iringa na Njombe yana kosa moja linalojirudia. Mtu anatumbukiza vichunguzi viwili majini, anasoma multimita mara moja, anagawa kwa umbali kati ya vichunguzi, basi. Jibu lake halilingani na la meza ya jirani, na kesho yake halilingani hata na lake mwenyewe.

Wa vyuoni wanaoshika data halisi za roketi hukwama hatua moja mbele. Wanasahau kwamba roketi nayo inakimbia ndani ya uga wa sumaku wa dunia. Mwongozo huu unashughulikia makosa yote mawili, moja baada ya jingine.

Tunaiga nini hasa

Roketi za utafiti hurushwa kutoka Poker Flat kule Alaska, Andøya nchini Norwe, na Esrange karibu na Kiruna, Uswidi. Zinapenya ionosfia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme, kwenye kimo cha kilomita 100 na zaidi, zikiwa zimenyoosha mikono yenye tufe dogo kila ncha. Kinachosomwa ni tofauti ya volti kati ya tufe na tufe. Ukigawa kwa umbali wake, unapata uga wa umeme.

Uga wenyewe ni mdogo: mara nyingi milivolti 10 hadi 100 kwa mita. Ukanda wa aurora, mianga ya angani ya karibu na ncha za dunia, uko kwenye latitudo za sumaku za nyuzi 65 hadi 70 hivi, na Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo hakuna wa kukaa juu ya mlima Loleza akiingoja. Lakini maji ya bomba yanapitisha umeme kwa chaji zinazotembea, kama plazima (gesi yenye chaji) ya huko juu, na yanakuonyesha kero nyingi zilezile kwa gharama ya betri tatu.

Vifaa

- Beseni la plastiki la mstatili: urefu sentimita 40, upana 30, kuta zilizosimama wima. Lenye kuta zilizolala litakusumbua.
- Mabamba mawili ya bati lisiloshika kutu, yenye upana wa beseni. Mafundi wa masinki huwa na vipande vilivyobaki.
- Betri tatu za volti 1.5 na kibebeo chake.
- Multimita ya kidijitali. Ile ya mshale iache. Sababu iko Hatua ya 4.
- Rezista ya megaohm 1 (kahawia, nyeusi, kijani). Fundi redio yeyote wa Mwanjelwa anayo.
- Penseli mbili za pakiti moja.
- Rula ya plastiki ya sentimita 30, bolti na nati, na kipande cha mbao cha kulaza juu ya beseni kama daraja.
- Protrakta ya duara zima, au mchoro wake kwenye karatasi ngumu.
- Waya laini, vibanio, msasa na rangi ya kucha.
- Kopo la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 5, na mchanga wa kulijaza.
- Maji ya bomba yaliyolala chumbani usiku kucha, ili yawe na joto la chumba. Asubuhi ya Juni kule Makete au Njombe hili si la kupuuza: joto likibadilika katikati ya kazi, volti za vichunguzi nazo zinahama.

Onyo kabla ya kuanza. Umeme wa ukutani usikaribie maji haya kwa namna yoyote. Chaja ya simu pia hapana. Za bei rahisi huvujisha. Radi ikianza kunguruma, funga kazi.

Usitie chumvi. Wengi huitia wakidhani wanasaidia. Chumvi inaongeza mkondo kupita kiasi, betri zinachoka, mapovu yanajaa kwenye mabamba, na bamba la upande chanya linaweza kutoa klorini, hewa ya sumu. Maji ya bomba yanatosha.

Hatua ya 1: Tengeneza vichunguzi

Chonga kila penseli pande zote mbili. Juu acha kiini cheusi cha kubana waya. Chini acha milimita 5 tu za kiini nje, kisha paka mbao yote rangi ya kucha mara mbili na uiache ikauke kabisa.

Mbao isiyopakwa hufyonza maji, na ikishalowa inakuwa sehemu ya kichunguzi. Hapo hujui tena unapima kutoka wapi hadi wapi.

Tumetumia penseli kwa sababu vichunguzi lazima viwe vya kitu kimoja. Weka waya wa shaba upande mmoja na msumari wa bati upande wa pili, utakuwa umetengeneza betri, nayo itakupa mamia ya milivolti hata beseni likiwa halijaunganishwa na chochote. Tufe za roketi nazo mara nyingi hupakwa kaboni au dhahabu, kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 2: Andaa beseni

Simamisha mabamba kwenye kuta mbili fupi. Yafunike ukuta mzima, kutoka chini hadi juu ya maji. Bamba dogo hupindisha mistari ya uga, na kila sehemu ya beseni inakuwa na jibu lake.

Mimina maji hadi kina cha sentimita 8. Unganisha betri tatu mfululizo, ncha chanya kwenye bamba moja, hasi kwenye jingine. Subiri dakika tano.

Hapa pana mtego. Betri ni volti 4.5 na beseni ni mita 0.4, kwa hiyo mtu anakimbilia kuandika volti 11 kwa mita. Sivyo. Sehemu kubwa ya volti hupotelea pale bamba linapokutana na maji, kwenye elektrolisisi. Uga wa katikati ya maji unaweza kuwa nusu ya hesabu hiyo, na ndiyo maana unapimwa.

Hatua ya 3: Pata uga kwa njia ya pili, mapema

Unahitaji jibu la kulinganishia. Bana kichunguzi cheusi (chenye waya mweusi wa mita) mahali pamoja karibu na bamba hasi, na usikiguse tena. Sogeza chekundu kwenye mstari wa katikati, sentimita 5 kila mara, ukisoma volti.

Angalia ongezeko kutoka nukta hadi nukta, wala si volti yenyewe. Volti yoyote ya bandia iliyomo kwenye vichunguzi imo katika kila usomaji, kwa hiyo inajifuta unapotoa. Ongezeko likiwa milivolti 300 kwa kila sentimita 5, uga ni volti 6 kwa mita.

*Umefaulu ukiona:* maongezeko ya katikati ya beseni yanalingana, tofauti isizidi asilimia 5. Yanayopanda ghafla karibu na bamba yaache nje ya hesabu.

Hatua ya 4: Hakikisha mita haili volti yako

Kati ya kichunguzi na maji kuna ukinzani. Kwa ncha ndogo kama yetu ni kiloohm kadhaa. Maji ya chemchemi yenye madini machache yanaupandisha zaidi. Mita yenye ukinzani mdogo inavuta mkondo kupitia hapo, volti inashuka, na huambiwi. Mita nyingi za mshale zina tatizo hili. Multimita ya kidijitali kwa kawaida ina megaohm 10, ambazo zinatosha.

Jaribu hivi: soma volti, kisha bana rezista ya megaohm 1 kati ya ncha mbili za mita, usome tena. Ikishuka chini ya asilimia 1, endelea. Ikishuka zaidi, acha milimita 10 za kiini nje badala ya 5, au badilisha maji.

Kwenye ionosfia plazima ni nyembamba sana, na ukinzani kati yake na tufe ni mkubwa kuliko wa penseli zetu kwa mbali. Wahandisi hujibu kwa kuweka kikuza ishara chenye ukinzani mkubwa mno ndani ya tufe lenyewe au jirani yake.

Hatua ya 5: Tundika mkono unaozunguka

Toboa rula katikati, ipitishe kwenye bolti iliyo kwenye daraja la mbao, izunguke bila kuyumba. Bana penseli moja kila upande, sentimita 5 kutoka kwenye bolti, ncha zikizama hadi nusu ya kina cha maji. Protrakta ikae juu ya daraja, sufuri ikielekea bamba chanya.

Sasa pima umbali kati ya ncha za penseli. Matundu ya rula yaache. Penseli iliyoinama kidogo inaweza kuiba milimita 5, na milimita 5 katika sentimita 10 ni asilimia 5 ya jibu lako.

Chekundu cha mita kiende kwenye kichunguzi namba 1, cheusi kwenye namba 2. Andika hivyo kwenye karatasi. Hesabu ya pembe hutegemea jambo hili, na kumbukumbu ya kichwani haiaminiki ikifika saa tisa alasiri.

Hatua ya 6: Zungusha. Hapa ndipo wengi huanguka

Hata penseli mbili za pakiti moja hazifanani kabisa. Kila moja ikigusa maji inapata volti yake ndogo, na tofauti yao inaongezwa kwenye kila usomaji. Nitaiita volti ya mgusano. Inaweza kuwa milivolti chache au makumi kadhaa, na huwezi kuijua kwa kuangalia.

Dawa ni ile ya mtu asiyeamini mizani ya sokoni: hamisha mzigo upande wa pili upime tena. Ukigeuza mkono nyuzi 180, volti ya uga inageuka alama, ya mgusano inabaki vilevile. Roketi huzunguka kwenye mhimili wake muda wote wa safari, na mpimaji wa uga anaitumia sifa hiyo kwa faida yake.

Soma volti kila nyuzi 45 za kichunguzi namba 1, ukisubiri namba itulie. Ukimaliza nyuzi 315, rudi sufuri usome tena. Usomaji wa sufuri ukiwa umehama zaidi ya asilimia 2, uga ulikuwa bado unatembea. Subiri dakika kadhaa urudie mzunguko wote. Kukarabati mzunguko mbovu kwa hesabu ni kupoteza muda.

Tuchukue mfano, kwa milivolti:

- 0°: 620
- 45°: 560
- 90°: 195
- 135°: −260
- 180°: −540
- 225°: −480
- 270°: −115
- 315°: 340

Aliyesoma mara moja pale sufuri ameandika 620. Aliyegeuza mkono bila kujua ameandika 540. Hawa ndio wale wa meza mbili wanaogombana, na wote wawili wamekosea.

Hatua ya 7: Toa wimbi kwenye jedwali

Usomaji wote umefuata umbo moja: volti ya mgusano, jumlisha wimbi la kosaini. Kuna hesabu tatu.

*Kwanza, wastani.* Jumlisha namba zote nane, gawa kwa 8. Hapa ni 320 ÷ 8 = 40. Milivolti 40 ndizo volti ya mgusano. Ziandike, kisha zitoe.

*Pili, A na B.* Zidisha kila usomaji kwa kosaini ya pembe yake, jumlisha, gawa kwa 4: unapata A. Rudia kwa saini: unapata B. Kwa jedwali letu A ni 580 na B ni 155. Kugawa kwa 4 kunatokana na kuwa na nukta nane. Ukipima nukta 12, gawa kwa 6.

*Tatu, kimo na pembe.* Kimo cha wimbi ni kipeuo cha pili cha A² + B², yaani milivolti 600. Pembe ni ile ambayo tanjenti yake ni B ÷ A, yaani nyuzi 15. Kikokotoo hakijui robo ya duara, kwa hiyo alama za A na B uziangalie mwenyewe: A ikiwa hasi, ongeza nyuzi 180.

Kimo gawa kwa umbali wa ncha: volti 0.600 ÷ mita 0.10 = volti 6 kwa mita. Linganisha na Hatua ya 3.

Na mwelekeo? Usomaji hufika kilele kichunguzi chekundu kikiwa upande wa volti kubwa. Uga huelekea kutoka volti kubwa kwenda ndogo. Kwa hiyo uga unaelekea kinyume cha kichunguzi chekundu: nyuzi 15 + 180 = 195. Wengi wenye kimo sahihi hupoteza alama hapa.

*Umefaulu ukiona:* njia mbili zinakubaliana ndani ya asilimia 5, na uga unaelekea bamba hasi. Zile nyuzi 15 za ziada ni protrakta iliyokaa upande. Irekebishe, pembe itasogea kuelekea sufuri. Isiposogea, kagua kama mabamba yamesimama sawasawa.

Hatua ya 8: Weka mwili wa roketi katikati

Wengi huiruka hatua hii. Kwangu ndiyo tamu kuliko zote.

Jaza kopo mchanga, lisimamishe chini ya bolti, likitokeza juu ya maji. Zungusha tena, fanya hesabu ileile. Kimo kitapanda. Mkondo hauwezi kupita kwenye plastiki, unalizunguka kopo, na mistari inabanana jirani yake. Kwa kopo la nusu kipenyo sentimita 2.5 na vichunguzi vilivyo sentimita 5 kutoka katikati, ongezeko ni takriban mraba wa 2.5 ÷ 5, yaani asilimia 25. Milivolti 600 zinakaribia 750, na uga wa beseni haujabadilika hata kidogo.

Sasa sogeza vichunguzi hadi sentimita 10 kutoka katikati. Kosa linashuka hadi asilimia 6 hivi. Umejionea kwa nini mikono ya roketi hurefushwa hadi mita kadhaa, pamoja na kazi yote ya kuikunja ndani ya pua na kuifungua angani.

Huko juu mwili wa roketi hausumbui kwa namna hii peke yake. Nyuma yake kuna mkia wa plazima iliyopungua, na tufe likipita humo usomaji unaruka. Jua nalo likipiga tufe moja na kuliacha jingine kivulini, volti za mgusano zinaachana, maana mwanga hung'oa elektroni. Kwenye data utaiona kasoro inayojirudia pembe ileile kila mzunguko. Ikate, kisha fanya hesabu ya wimbi kwa nukta zilizobaki. Kumbuka tu kwamba ukikata nukta, kanuni rahisi ya kugawa kwa 4 haifai tena, kwa sababu inataka nukta zilizopangwa sawa kuzunguka duara lote. Tumia programu ya kulinganisha wimbi kwa njia ya miraba midogo kabisa.

Hatua ya 9: Kwa wenye data za roketi, toa mwendo

Beseni limetulia, roketi haijatulia. Kitu kinachokimbia kwa mwendo v ndani ya uga wa sumaku B hupima uga wa ziada, v × B (zao la vekta). Unachosoma ni E + v × B. Unachotaka ni E peke yake.

Ukubwa wake si wa kupuuza. Mita 1,000 kwa sekunde ndani ya nanotesla 50,000 hutoa milivolti 50 kwa mita, sawa kabisa na aurora yenyewe.

Twende na namba. Mashariki ni chanya, kaskazini ni chanya, juu ni chanya. Kaskazini ya mbali uga wa sumaku huelekea chini karibu wima. Tuuchukue kuwa wima kamili. Roketi inakwenda kaskazini kwa mita 1,000 kwa sekunde. Hapo v × B ni milivolti 50 kwa mita kuelekea magharibi.

Vichunguzi vimetoa milivolti 20 magharibi na 30 kaskazini. Toa v × B: upande wa mashariki ni −20 − (−50) = +30. Kaskazini inabaki 30. Uga halisi unaelekea mashariki na kaskazini. Bila kutoa mwendo ungeandika magharibi.

Kagua kwa mwendo wa plazima, ambayo huelea kwa kasi ya E ÷ B, ikikata uga wa umeme kwa pembe mraba. Uga sahihi unaipa mita 600 kwa sekunde magharibi na 600 kaskazini. Ule usiotolewa mwendo unaipa 600 magharibi na 400 kusini. Tofauti ya 600 kaskazini na 400 kusini ni 1,000, ambayo ndiyo kasi ya roketi. Ukiona jibu lako na la mwenzako vinaachana kwa kiasi hicho, mmoja wenu ameruka hatua hii.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuzidisha:

- v na B ziwe kwenye mihimili ileile. Data za vichunguzi huja kwenye mihimili ya roketi inayozunguka na kuyumba. Zigeuze kwanza kwa kutumia magnetomita (kipima uga wa sumaku) na kihisi cha jua au nyota. Hiyo ndiyo protrakta ya angani.
- B halisi haiko wima kabisa, kwa hiyo mwendo wa kupanda na kushuka nao unaingia kidogo. Tumia vekta kamili.
- Kosa la digrii moja ya mwelekeo kwenye v × B ya milivolti 50 huacha karibu milivolti 1 kwa mita. Usitangaze ugunduzi ulio chini ya hapo.

*Umefaulu ukiona:* baada ya kutoa, hakuna tena wimbi linalofuata mzunguko wa roketi, na mwendo wa plazima unaelekea kule ambako rada ya ardhini inasema. Roketi za Poker Flat zina bahati ya kuwa na rada ya aina hiyo palepale uwanjani. Kama bado kuna wimbi, rudi Hatua ya 7: aidha volti ya mgusano imehama katikati ya safari, na inatakiwa kupigiwa hesabu mzunguko kwa mzunguko, au mihimili yako haijageuzwa sawasawa.